Tulikuwa Kasisi wa Waanglikana

Mara nyingi baada ya Misa ya Dominika mtu hutusimamisha penye mlango wa kanisa na kutuuliza: «Baba, ni kweli ulikuwa padri wa Waprotestanti?» Twamjibu kwamba ni karibu kweli. Tulikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana kwa muda wa miaka 19. Tena Waanglikana wengine hukataa kuitwa Waprotestanti, na wengine hulipenda jina hilo, nao wote husali katika kanisa moja. Hapo muulizaji hucheka akidhani twamtania. Kisha huleta swali la pili: «Basi, mbona ulitoka?» Mlangoni hapana nafasi ya kujibu swali kama hilo. Watu wanapita, wingu la mvua linakaribia, watoto wana njaa. Ndiyo maana twaandika.

Lazima tuanze na Boga. Wakristu wengi wa Kongo hudhani kwamba Kanisa la Anglikana lililetwa kwetu na Waingereza. Sivyo. Lililetwa na Mwafrika, Muganda mmoja aitwaye Apolo Kivebulaya, aliyevuka bonde la Semliki kutoka Toro mwaka 1896, akapanda hadi Boga, katika nchi ya Ituri. Aliteswa na kufungwa, akaachiliwa, akarudi pale pale. Mwaka 1903 aliwekewa mikono kuwa kasisi. Hakuoa. Alipokwisha kuzeeka aliingia msituni kuwafundisha Bambuti, ambao jirani zao wengi waliwadharau. Alikufa Boga mwaka 1933. Nyanya yetu, aliyekuwa msichana wakati huo, alitusimulia mara nyingi habari za maziko yake: desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki, lakini yeye aliagiza kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya kule ilikuwa haijaisha. Mzaliwa wetu wa kwanza tulimwita Apolo, wala hatujambadili jina.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa kanisa dogo la nyasi. Kengele yake ilikuwa chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa mtini. Kila siku, asubuhi na jioni, alikigonga, na watu saba au wanane wakaja kusali. Siku za mvua walikuwa wawili tu, yeye na mama. Kitabu cha Sala cha Waanglikana kimezigawa Zaburi zote 150 katika siku 30 za mwezi, nyingine za asubuhi na nyingine za jioni, na baba hakuruka hata moja. Sisi watoto hatukuwa na kalenda nyumbani. Tulijua tarehe kwa Zaburi. Ilipoanza ile Zaburi ndefu ya 119, inayosifu sheria ya Mungu, tulijua kwamba ni jioni ya tarehe 24, na kwamba tutakuwa nayo hadi jioni ya tarehe 26. Mshahara wa baba haukutosha hata kununua mafuta ya taa, na hakuna mtu aliyemwangalia kama amesali au hakusali. Mpaka leo, tukisikia mtu anasema kwamba Waanglikana ni Wakristu wa nusu, twamkumbuka mzee yule peke yake na taa yake, nasi twanyamaza ili tusimjibu kwa hasira.

Tena kulikuwa na Uamsho. Ulianza Gahini, katika Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukavuka ukafika kwetu. Watu wake waliitwa Barokole, maana yake waliookoka. Mtu aliyeguswa na Roho alisimama mbele ya kusanyiko akaungama dhambi zake waziwazi, kisha wote wakaimba. Mama yetu alisimama siku moja, akasema kwamba alimdanganya jirani bei ya maharage, akamtaja jina, akampelekea fedha zake palepale penye benchi. Tulikuwa watoto, tuliona haya sana. Siku hizi hatuoni haya tena. Twajiuliza tu ni wangapi kati yetu tungethubutu.

Mwaka 1977, tulipokuwa na umri wa miaka 11, baba alikigonga kile chuma mchana, saa isiyokuwa ya sala. Askofu mkuu Janani Luwum alikuwa ameuawa mjini Kampala tarehe 16 Februari, katika utawala wa Idi Amin. Alikuwa askofu mkuu wa Uganda, na wa Rwanda, na wa Burundi, na wa Boga pia. Basi alikuwa wetu. Tulipoona baba analia, ndipo sisi tulipoamua kuwa kasisi. Uamuzi wa mtoto, lakini haukututoka.

Tuliwekewa mikono mwaka 1995. Hatutasimulia miaka ya chuo wala ya parokia ya kwanza, kwa maana kazi ya mchungaji wa vijijini yafanana kila mahali: baiskeli, ubatizo, ugomvi wa mashamba, maziko, tena maziko. Tutasimulia siku moja tu, ya mwaka 1998, katika mafundisho ya kipaimara. Msichana wa miaka kama 13 alinyosha mkono akasema: «Kasisi, katika Nasadiki twasema kwamba tunasadiki Kanisa katoliki. Lakini wanaoitwa Wakatoliki ni wale wa misioni. Je, sisi twasadiki Kanisa lao?»

Tulikuwa na jibu, maana tulifundishwa chuoni. Tulichukua chaki tukachora mti ubaoni, wenye matawi matatu: Wakatoliki wa Roma, Waortodoksi wa mashariki, na Waanglikana. Neno katoliki, tukasema, lina maana ya «enevu, la watu wote». Nasi tu tawi la mti huo wa watu wote. Yule msichana aliutazama mti akauliza: «Na shina ni nani?» Tukamwambia kwamba shina ni Kristu, nalo ni jibu la kweli. Akaridhika. Sisi hatukuridhika. Usiku ule tulilala macho tukifikiri juu ya mti ambao matawi yake hayali chakula kimoja, na tawi moja lafundisha kwamba jambo fulani ni dhambi, na tawi lingine lafundisha kwamba si dhambi. Mti wa namna hiyo hatujauona katika msitu wote wa Ituri.

Hapa msomaji aelewe vizuri jinsi Waanglikana wanavyoongozwa. Askofu mkuu wa Canterbury huheshimiwa, lakini si Papa. Tangu mwaka 1867 maaskofu wao wa dunia hukutana Lambeth, kwa kawaida kila baada ya miaka kumi au karibu, nao husali, hushauriana, huandika. Yanayoandikwa ni mashauri, hayana nguvu ya sheria juu ya Kanisa la nchi yoyote. Maadamu wote walikubaliana, hatukuona kasoro. Walipoanza kutengana juu ya mambo makubwa, kama ndoa na upadri, kila nchi ilifuata njia yake. Mwaka 2008 maaskofu wengi wa Afrika walikataa kwenda Lambeth, wakakutana na wengine Yerusalemu. Tuliwasifu kwa moyo wao thabiti, na hata leo twawasifu. Lakini swali halikuondoka kwa kubadili mahali pa mkutano: nani aliyepewa kazi ya kusema neno la mwisho, hata wote waseme «basi»?

Tumetangulia mno. Turudi nyuma, kwenye vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003. Mwaka 2002 tulikimbia na watoto wanne na magunia mawili, tukapokelewa katika misioni moja ya Wakatoliki, darasani, pamoja na jamaa nyingine sita. Hakuna aliyetuuliza dini. Padri wa pale alikuwa mzee, mgonjwa wa miguu, mwenye maneno machache. Jioni ya kwanza tulimwona akitembea polepole barazani na kitabu mkononi, midomo ikitikisika. Tukamwuliza anasoma nini. Akajibu: «Zaburi.» Hatukuwa tumejua! Tuliishi miaka 36 karibu na misioni, bila kujua kwamba padri naye hufungwa kila siku na Zaburi zile zile za baba yetu. Kesho yake tulitembea pamoja naye barazani, yeye mstari, sisi mstari, kwa Kifaransa. Tulifanya hivyo kwa muda wa miezi mitano.

Siku ya Dominika tulitengana. Sisi tulisali darasani na jamaa zetu, yeye kanisani na watu wake. Ukuta kati yetu ulikuwa wa tofali moja, tuliwasikia wakiimba, nao walitusikia. Siku za juma, baada ya watoto kulala, tuliingia kanisani mwao tukakaa nyuma. Taa ndogo nyekundu iliwaka karibu na tabernakulo. Hatukusali neno lolote. Tulikaa tu, kama mtu anayekaa barazani kwa jirani asijue bado kama atapiga hodi.

Yule mzee ndiye aliyetuazima kitabu cha maisha ya John Henry Newman. Wasomaji wengi watakuwa wamelisikia jina hilo, kwa kuwa Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019, na Papa Leo XIV akamtangaza kuwa Mwalimu wa Eklezia tarehe 1 Novemba 2025. Lakini wakati ule sisi hatukujua lolote. Newman alizaliwa London mwaka 1801, akawa kasisi wa Waanglikana na mhubiri wa sifa kubwa katika Oxford. Kuanzia mwaka 1833 yeye na rafiki zake walitaka kulikumbusha Kanisa lao asili yake ya zamani, ya mitume na ya mababa. Ule mti wa matawi matatu tuliouchora ubaoni ulitoka kwao. Kumbe basi aliyetusaidia kuuchora ndiye aliyetusaidia kuufuta.

Na kilichomstusha Newman kilitoka Afrika. Mwaka 1839 alikuwa akisoma habari za Wadonato, Wakristu wa Afrika ya kaskazini waliojitenga katika karne ya nne. Walikuwa na maaskofu, na altare, na Maandiko, na watu walio tayari kufa; katika sehemu nyingi walikuwa wengi kuliko Wakatoliki. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipona, Mwafrika mwenzao, aliwaambia jambo moja bila kuchoka: Kanisa lililoahidiwa mataifa yote haliwezi kuwa limebaki katika pembe moja ya nchi, na jamii nzima ya waamini duniani ikihukumu pamoja, hukumu yake ni ya kutegemewa. Maneno hayo yalimgusa Newman sana. Hata hivyo hakuruka siku ile. Alingoja miaka sita. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845, padri Mwitalia aitwaye Dominiko Barberi alifika kwake Littlemore, ameloa mvua chapachapa, na kesho yake akampokea katika Eklezia. Rafiki wengi walimwacha, hata katika ndugu zake. Yule mzee wa misioni alituambia: «Usiharakishe, Kasisi. Yeye alingoja miaka sita.» Sisi tulingoja kumi na mbili, maana si hodari kama Newman.

Kilichotuzuia tutakisema wazi, kwa sababu ndicho kiini cha barua hii. Si Bikira Maria. Tulimpenda tangu utoto, na wimbo wake tuliusoma kila jioni katika sala zetu. Si Papa. Kilichotuzuia ni mikono yetu.

Tarehe 13 Septemba 1896 Papa Leo XIII aliandika kwamba daraja takatifu za Waanglikana ni batili. Tazama mwaka: 1896, mwaka ule ule Apolo alioupandia mlima wa Boga. Tuliposoma Augustino, tulitumaini kupata mlango. Maana Augustino na maaskofu wenzake walipowapokea makasisi wa Wadonato, hawakusema kwamba daraja zao hazikuwako. Basi mbona zetu? Tulisoma tena na tena mpaka tukaelewa, na kuelewa hakukutuliza. Mdonato alijitenga, lakini ibada yake ya kuweka mapadri ilibaki ile ya zamani. Katika Uingereza, wakati wa mfalme Edward VI, karne ya 16, ibada yenyewe ilibadilishwa, maneno ya kumtolea Mungu sadaka yakaondolewa kwa makusudi. Na waliowekwa kwa ibada ile, asema Papa, hawakupokea upadri uliokusudiwa na Eklezia, wala hawakuweza kuwapa wengine. Maaskofu wakuu wa Canterbury na York walimjibu mwaka 1897, kwa elimu na kwa heshima. Majibu yao tuliyasoma vilevile. Kwa siri tulitaka washinde.

Fikiri, msomaji. Miaka 19 ya Meza ya Bwana. Wagonjwa tuliowapelekea mkate na divai wakafa usiku ule. Baba yetu, ambaye alikufa mwaka 2005, na chakula chake cha mwisho alikipokea mkononi mwetu. Tulimpa nini? Swali hili tulimpelekea padri mmoja msomi, akaanza kutueleza kwa maneno ya teolojia, tukamshukuru, tukaenda zetu. Tulimpelekea yule mzee wa misioni. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: «Baba yako alimwomba Kristu. Wafikiri Kristu alimpa jiwe?»

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mwaka 1964, ulifundisha kwamba Roho Mtakatifu hakatai kuzitumia jumuiya zilizotengana nasi kuwaongoza watu kwenye wokovu, nao uliwataja Waanglikana kuwa na mahali pa pekee. Si maneno matupu. Kardinali Mercier wa Malines, katika Ubelgiji, aliyewakaribisha Waanglikana kuzungumza nyumbani mwake tangu mwaka 1921, alipolala kitandani pa kufa, Januari 1926, alimpa rafiki yake Mwanglikana, Lord Halifax, pete yake ya kiaskofu. Na tarehe 24 Machi 1966, mjini Roma, Papa Paulo VI alivua pete yake akamvika askofu mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey. Mtu hampi pete yake mtu asiyekuwa na kitu. Lakini hakuna katika hao wawili aliyesema kwamba barua ya mwaka 1896 imefutwa. Yote mawili ni ya kweli kwa pamoja, nasi tulilazimika kuyabeba yote mawili.

Mwaka 2009 tulikwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni. Huko mashahidi wengi wa Kabaka Mwanga walichomwa moto mwaka 1886. Katika mashahidi wote wa miaka ile, 22 ni Wakatoliki na 23 ni Waanglikana. Leo pana mahali pawili pa hija, pa Wakatoliki na pa Waanglikana, na kati yake ni mwendo mfupi kwa miguu. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, mwaka 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristu. Na Papa Fransisko alipokuja mwaka 2015, alisali kwanza kwa Waanglikana, kisha kwa Wakatoliki. Sisi tulipita njia ile kwa miguu mara tatu siku ile, kwenda na kurudi na kwenda. Vijana wale hawakuuliza kuni ni za nani. Tulipokaa chini ya mti kupumzika, mama wa watoto wetu alisema: «Baba Apolo, umekwisha kwenda. Mwili tu ndio uliobaki kwetu.»

Hakusema hayo kwa furaha. Yeye alikuwa kiongozi wa Umoja wa Mama, chama kilichoanzishwa na Mary Sumner katika Uingereza mwaka 1876, na katika parokia zetu chama hicho ndicho mgongo wa kila kitu. Mwaka 2014, tulipomwambia kwamba tutampelekea askofu barua, aliuliza: «Ulinioa ukiwa mwanafunzi wa ukasisi, ukanifanya mke wa kasisi. Sasa unanifanya mke wa nani?» Hatukuwa na jibu zuri. Askofu wetu wa Kianglikana alitupokea kwa huzuni, wala hakutukemea. Alipiga magoti pamoja nasi, akasali, akatuomba tukae mwezi mmoja zaidi tukifikiri. Tulikaa. Kisha tukavua kola, tukarudisha funguo za nyumba ya kasisi, tukahamia chumba cha kupanga. Watoto walijua njaa mwaka ule. Ndugu wengine walisema tumenunuliwa. Laiti wangaliona bei!

Tulipokelewa katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 2016. Hatukubatizwa tena, kwa maana ubatizo tulioupata Boga ni ubatizo. Tuliungama, tukakiri imani ya Eklezia, tukapewa kipaimara. Lile ungamo la kwanza lilitutisha kuliko yote. Padri alikuwa kijana wa miaka 29 au 30, umri wa Apolo wetu karibu. Tulimkumbuka mama na maharage yake. Mama alisema mbele ya watu wote, sisi tulisema sikioni mwa mmoja. Yeye alihitaji ushujaa zaidi. Lakini kijana yule aliinua mkono, akasema kwa jina la nani amesamehe, na hapakuwa na mtu wa kuimba. Tulitoka nje tukasimama gizani penye mahindi.

Mama wa watoto wetu hakuja siku hiyo. Alitusindikiza, akakaa benchi la nyuma. Hatukumsukuma, na padri naye alitukataza kumsukuma. Alikuja mwenyewe mwaka 2018, baada ya kusali na akina mama wa shirika letu kwa miaka miwili, akibeba ugali kwa wagonjwa wao kama alivyofanya kwa wetu.

Wasomaji wengine watauliza: kwa nini hamkuomba upadri? Inawezekana. Papa Benedikto XVI, kwa katiba ya mwaka 2009, aliwafungulia Waanglikana wanaokuja kwa makundi mlango wa pekee. Ya kwanza ya jumuiya hizo ilianzishwa Uingereza mwaka 2011 chini ya jina la Bikira Maria wa Walsingham, na katika mwaka 2012 ziliwekwa nyingine Marekani na Australia. Makasisi wenye wake, kwa ruhusa ya Baba Mtakatifu, mmoja mmoja, hupadirishwa. Na tangu mwaka 2015 wana kitabu chao cha Misa, chenye sala nyingi za Kianglikana. Jambo hili lisitushangaze sisi wa Kongo: mwaka 1988 Roma iliithibitisha Misa yetu wenyewe, yenye kuwaita wahenga wetu na kutubu baada ya mahubiri. Eklezia ile ile imewapa wao na sisi. Lakini katika Kongo hapana jumuiya ya namna ile, tulikuja mmoja kisha wawili, nasi tulikuwa na miaka 50. Askofu alituambia kwamba yu tayari kuandika Roma. Tulifikiri miezi minane. Hatukuomba. Tuliogopa watu wadogo katika imani waseme kwamba tulihamia kwa ajili ya kazi. Huenda tulikosea, mama wa watoto wetu asema mpaka leo kwamba tulikosea.

Basi sisi ni mwalimu wa Kifaransa na dini katika shule ya sekondari, na Dominika twakaa upande wa kulia, benchi la tatu kutoka nyuma. Miezi ya kwanza, padri alipoinua hostia, mikono yetu ilijiinua yenyewe magotini. Tuliishika mmoja kwa mwingine. Siku hizi imetulia.

Na kwa kuwa mmetuvumilia hadi hapa, tutasema neno moja la kuuma. Ninyi Wakatoliki wa tangu kuzaliwa, mnatoka kanisani mapema mno. Wengine hawangoji baraka. Biblia nyumbani mwenu imefungwa katika plastiki kwa ajili ya vumbi. Tulipofika katika shirika letu tukauliza nani husali Zaburi jioni pamoja na watoto wake, watu walitazamana. Sasa tunazisoma nyumba kwa nyumba, siku tatu kwa juma, na watoto ndio wanaotukumbusha. Hazina hiyo tumeitoa Boga, hatukuitoa Roma, ingawa Roma ilikuwa nayo siku zote kwenye baraza ya misioni.

Mwezi Februari 2023, Papa Fransisko alipotoka Kinshasa alikwenda Juba, na huko alimkuta Justin Welby, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury wakati ule, wakasali pamoja kwa ajili ya amani ya Sudani Kusini. Tulisikiliza habari hizo redioni kwa mama yetu. Mama ana miaka 82, ni Mwanglikana hata leo, naye atakufa Mwanglikana. Alikimbia Boga baada ya mashambulio ya mwaka 2021, sasa akaa Bunia kwa dada yetu. Zamani, kila tulipomaliza sala za jioni naye, aliinamisha kichwa nasi tukainua mkono kumbariki, kasisi wake. Mara ya kwanza tulipomwendea baada ya Pasaka ile, aliinamisha kichwa kama desturi. Mkono wetu haukuinuka. Akangoja. Kisha akatutazama, akaelewa, akaweka mkono wake juu ya kichwa chetu, akasema mwenyewe maneno ya baraka ya Kitabu cha Sala, kwa lugha ya nyumbani, bila kukosa hata neno. Tangu siku ile hufanya hivyo kila mara.

Mwezi uliopita tulifika kwake jioni. Macho yake hayaoni tena vizuri, nasi ndio tunaosoma. Kabla hatujafungua kitabu alituuliza kama taa ina mafuta ya kutosha, maana ilikuwa tarehe 24.